GTO ya 1967: ikiwa baridi inawaka mara moja, ikipata moto inagoma. Tatizo ni nini hasa?

#1 Mnyamwezi wa Dallas
Wakuu, salaam. Najua humu wengi ni watu wa Corolla na Hiace, lakini wapo pia wazee walioanza na gari za kabureta, ndiyo maana nimekuja hapa. Mtaani kwangu kila Mzungu ninayemuuliza ana jibu lake na kila mmoja ameapa.

Nipo Texas. Ndinga yenyewe ni Pontiac GTO ya 1967, V8 ya inchi za ujazo 400 (lita 6.6), kabureta ya Quadrajet, gia otomatiki. Asubuhi haina neno: nakanyaga mafuta mara mbili, nageuza ufunguo, inaunguruma hadi mbwa wa jirani anaingia ndani. Kasheshe inaanza ikishapata moto. Natembea nayo nusu saa, nasimama kujaza mafuta, nalipa, narudi, nageuza ufunguo: rrr... rrr... kimya. Siku nyingine inazunguka vizuri kabisa lakini haishiki. Nikifungua boneti nikasubiri, inawaka kama haikuwa yenyewe. Jumamosi imenitia aibu kituoni mbele ya vijana walioshatoa simu kuichukua video.

Betri mpya, plagi mpya. Mwenye gari kabla yangu aliondoa manifodi za eksozi za kiwandani akafunga hedaz (mabomba membamba ya eksozi ya kutafutia nguvu). Mshale wa joto haupandi kupita kawaida. Wajuvi karibuni.

#2 Kambi Popote
Nimeweka kambi. Ila uzi wa gari bila picha ni porojo, mkuu. Tupia.

#3 Fundi wa Kisauni
Hiyo ni stata, usizunguke. General Motors (GM, wenye Pontiac) wa miaka hiyo walipandisha solenoidi (swichi ya sumaku inayoiwasha stata) juu ya stata yenyewe, na stata iko chini ubavuni mwa bloku. Sasa wewe una hedaz, bomba jembamba la chuma linapita hapo hapo. Ukizima injini, maji hayazunguki, feni imesimama, hakuna upepo. Joto lote la eksozi linatua kwenye stata. Shaba ikipanda joto kwa digrii 100, ukinzani wa waya unaongezeka karibu asilimia 40. Solenoidi inakosa nguvu ya kuvuta, au inavuta na mota inajizungusha kwa usingizi. Ikipoa, mambo shwari.

Ford yeye solenoidi aliifunga kwenye fenda, karibu na betri, mbali na moto. Ndiyo maana wenye gari za GM wengi huko Marekani wananunua solenoidi ya Ford na kuifunga kando. Kazi ya mchana mmoja.

#4 Binti Petroli
#3 umesoma nusu ya swali. Kasema siku nyingine inazunguka vizuri na haishiki. Stata inayozunguka vizuri imemaliza kazi yake, usiisingizie.

Hayo ni mafuta. Petroli mnayojaza huko ina ethanoli asilimia 10, na ethanoli ikichanganywa kiasi hicho inaongeza mvuke wa petroli. Kabureta yenu imekaa juu ya manifodi ya kuingiza hewa, na ndani ya manifodi hiyo kuna njia ya moshi wa moto inayovuka chini ya kabureta. Waliiweka makusudi, injini ipate joto haraka wakati wa baridi. Ukizima, petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta inachemka. Inamwagikia ndani ya injini, plagi zinalowa. Ndiyo haishiki.

Kingine: sasa ni Aprili. Marekani vituo vya rejareja vinalazimika kuuza petroli ya kiangazi, ile yenye mvuke mdogo, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Kwa hiyo mwezi huu unaweza kuwa na jua la Texas juu na petroli ya majira ya baridi ndani ya tangi. Nafanya kazi maabara ya mafuta, hiki kipindi tunakijua.

Ikigoma tena, usipampu. Kanyaga mafuta mpaka chini, shikilia hapo hapo, piga stata. Ikiwaka na moshi mweusi na harufu kali ya petroli, nitumie soda.

#5 Dereva wa Zamani
Nakubaliana na joto, lakini mmesahau mlango mmoja. Pontiac hizo zina klapu kwenye eksozi upande wa kulia, inafunga injini ikiwa baridi ili moshi ulazimike kupita chini ya kabureta. Ikishika kutu ikabaki imefunga, unaikaanga kabureta mwaka mzima. Ipige nyundo kidogo, itie mafuta ya kupenyeza kutu, utaniambia.

#6 Kambi Popote
Mimi nimesoma mahali kwamba Wamarekani wanabana vibanio vya nguo kwenye bomba la petroli na tatizo linaisha. Kama ni kweli, bibi yangu Handeni ni mhandisi wa magari na hajui.

#7 Mnyamwezi wa Dallas
Asanteni wote.

#5 mzee wangu, ile klapu inakaa baina ya manifodi ya kiwandani na bomba. Hedaz zilipoingia na klapu ikaondoka. Kwa hiyo hiyo tuifute.

#4 dada, harufu ya petroli ipo, lakini gari hii ina harufu ya petroli hata ikiwa imelala. Mke wangu anaijua nguo niliyoivaa gereji kwa pua tu.

#6 usicheke. Nilipolinunua nilikuta vibanio vya mbao vya kuanikia nguo vimepangwa kwenye bomba kutoka pampu hadi kabureta, kimojawapo kimeungua ncha. Nilidhani watoto walicheza. Niliviondoa.

#8 Kambi Popote
UMEVIONDOA. Uzi ufungwe, chanzo kimepatikana.

#9 Mhandisi Kimya
Mnabishana kabla ya kupima. Kuna jambo la tatu: taimingi, yaani wakati cheche inapopigwa.

Injini hiyo ya nguvu za farasi 335 ilitoka na mgandamizo wa 10.75 kwa 1, ilitengenezewa petroli kali yenye risasi. Mtu aliyefunga hedaz kwa kawaida hakuishia kwenye hedaz, alisogeza na distributa (kigawa cheche) mbele kutafuta nguvu. Cheche ikipigwa mapema mno, injini ikiwa ya moto, mchanganyiko unalipuka pistoni ingali inapanda, na inairudisha stata nyuma. Ule mlio wako wa "rrr... rrr... kimya" ndio huo. Ikiwa baridi mchanganyiko unaungua polepole, kwa hiyo hausikii kitu.

Kipimo hakina gharama. Ikigoma ikiwa ya moto, chomoa waya mnene wa kati unaotoka koili kwenda distributa, uubane kwenye chuma cha injini usije ukarusha cheche ovyo karibu na petroli. Piga stata. Ikizunguka kwa kasi bila cheche, taimingi imekwenda mbele. Ikiendelea kusinzia, rudi kwa #3.

#10 Jirani wa Minneapolis
Niaje wakuu. Kabla hujanunua stata, angalia waya za betri. Yangu ni Chevelle ya 1970, ilinitesa hivyo hivyo. Stata nikabadilisha, ikaendelea. Kumbe waya wa athi (wa nguzo hasi kwenda kwenye chuma) ulikuwa umefungwa kwenye kibano kilichopakwa rangi, na wenyewe ni ule mwembamba wa dukani unaoonekana mnene kwa sababu ya plastiki nyingi. Ikiwa baridi ulikuwa unatosha kwa shida. Stata ikipata moto inataka umeme zaidi, waya hauna.

Chukua mita, weka volti, ncha moja kwenye kichwa cha nguzo hasi ya betri (nguzo yenyewe ya risasi, siyo klempu), nyingine kwenye bloku, mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya huo ni wa kutupa. Rudia upande wa chanya hadi kwenye boliti ya stata. Athi ifungwe kwenye bloku, kwenye chuma kilichokwanguliwa.

#11 Fundi wa Kisauni
Waya akibadilisha itasaidia siku mbili, kisha atarudi kwangu.

#12 Kinda wa Mbezi
Samahani naingilia. Hivi "gari la misuli" ni lipi hasa? Mustang ni mojawapo?

#13 Mhandisi Kimya
Kinda, kwa ufupi: bodi ya ukubwa wa kati, milango miwili, injini iliyokusudiwa gari kubwa, bei ya mtu wa kawaida. Pontiac mwaka 1964 walichukua Tempest, gari la familia la wastani, wakaitia V8 ya inchi 389 ya magari yao makubwa. General Motors ilikuwa na sheria ya ndani kwamba gari za ukubwa huo zisizidi inchi 330. John DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Pontiac, na wenzake Bill Collins na Russell Gee, wakapita dirishani: hawakulitangaza kama gari jipya, waliliingiza kama kifurushi cha nyongeza kwenye Tempest, kwa hiyo halikuhitaji kibali kilekile. Walitegemea kuuza elfu chache. Yakaondoka 32,450 mwaka wa kwanza.

Mustang ni dogo zaidi, hilo lina ukoo wake.

#14 Dereva wa Zamani
Usimdanganye mtoto kwamba historia ilianza 1964. Oldsmobile mwaka 1949 walichukua V8 yao mpya ya Rocket wakaitia kwenye bodi nyepesi wakaita 88. Chrysler 300 ya 1955 ilitoka na farasi 300. GTO ilikuja ikakuta njia imeshachimbwa, ikaweka tangazo.

#15 Mhandisi Kimya
Chrysler 300 bei yake haikuwa ya kijana aliyetoka jeshini, mzee. Lakini sawa.

#16 Kinda wa Mbezi
Na kwa nini ziliisha? Nimesikia ni Waarabu walifunga mafuta 1973.

#17 Jirani wa Minneapolis
Wengi wanasema hivyo. Ila vikwazo vilianza Oktoba 1973, na injini za GM zilikuwa zimeshashushwa mgandamizo tangu modeli za 1971. Ed Cole, rais wa GM, aliamua injini zote ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo kwa sababu sheria ya hewa safi ya 1970 ilikuwa inakuja, na mitambo ya kusafisha moshi isingeishi na risasi.

Kisha kuna kiini macho cha namba. Mpaka 1971 farasi zilikuwa zinapimwa injini ikiwa uchi mezani, haina eksozi kamili, haina kichujio cha hewa, haizungushi kitu. Kuanzia 1972 wakapima ikiwa imevaa kila kitu. Mfano, Chevrolet 454 ya LS5 mwaka 1971 walitoa namba zote mbili: 365 kwa kipimo cha zamani, 285 kwa kipimo kipya. Injini ni ile ile! Mwaka uliofuata ikasomeka 270. Anayelinganisha 365 na 270 atadhani Wamarekani walipigwa na radi.

#18 Dereva wa Zamani
Bima umeiruka. Kijana wa miaka 20 mwenye GTO mwishoni mwa miaka ya sitini alikuwa anaweza kulipa bima inayokaribia marejesho ya gari lenyewe. Bima ndiyo iliyoua. Serikali ilikuja kuzika.

#19 Binti Petroli
Wote mmesahau kwamba GTO yenyewe iliishia 1974 ikiwa Ventura, gari dogo la Pontiac, iliyovaa kofia. Hiyo haikuuawa na bima wala Mwarabu. Ilijifia kwa aibu.

#20 Kambi Popote
Hahahaa. Turudi kwa mgonjwa.

#21 Pesa za Jasho
Mimi nauliza jingine. Mleta uzi, una hakika hiyo ni GTO? Huko kwenu Le Mans (Pontiac ya kawaida yenye bodi hiyo hiyo) nyingi zimebandikwa nembo.

#22 Mnyamwezi wa Dallas
Swali zuri. Kwa 1967 ni rahisi: namba ya bodi inaanza na 242. GTO ilipata namba yake kuanzia 1966. Zile za 1964 na 1965 zilikuwa bado kifurushi, namba ni ya Le Mans ya kawaida (kwa 1965 inaanza na 237), kwa hiyo huwezi kujua mpaka uagize nyaraka za kiwandani. Kuna ofisi inaitwa Pontiac Historic Services inazitoa ukiwapa namba.

Niongeze kwa mnunuzi yeyote: kwenye 1967 lile bamba la namba liko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ufungue mlango ulione. Lilihamia juu ya dashibodi mwaka 1968. Nilipokuwa natafuta, jamaa mmoja alinionyesha "GTO 67" yenye bamba kwenye dashibodi. Nikamuaga kwa heshima.

#23 Pesa za Jasho
Safi. Na bei?

#24 Mnyamwezi wa Dallas
Bei sitaji, shemeji yenu anapita humu.

#25 Shemeji Yenu
Shemeji amepita. Naulizia na mimi: lile friza la gereji lililokuwa linakaa hapo GTO ilipo sasa, limekwenda wapi?

#26 Kambi Popote
Tumekwisha.

#27 Msafiri wa Parklands
Nipo Nairobi na nina swali la biashara. Hiyo kitu nikiinunua naweza kuileta Kenya?

#28 Jirani wa Minneapolis
Sahau, bro. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na usukani wa kushoto hauruhusiwi kwa magari ya kawaida. Unavunja sheria mbili kwa gari moja. Hizo chache za Kimarekani unazoziona kwenye maonyesho ya magari ya zamani kule Ngong Racecourse nyingi ni za siku nyingi.

#29 Dereva wa Zamani
Kenya imewahi kuziona zikiwa mpya. Safari Rally ya 1964 Wamarekani walileta Mustang na V8 za kutisha, wakatolewa jasho na matope.

#30 Msafiri wa Parklands
Mzee, hazikuwa Mustang. Zilikuwa Mercury Comet, sita, V8 ya inchi 289. Zilizomaliza ni mbili. Mshindi alikuwa Peter Hughes na Bill Young kwenye Ford Cortina GT, injini ya lita moja na nusu. Baba yangu alikuwa akituhadithia kila Pasaka, na kila mwaka matope yanaongezeka kina.

#31 Dereva wa Zamani
Comet, sawa. Matope lakini yalikuwa.

#32 Ami wa Ruwi
Salaam jamaa. Hapa Maskati kiangazi kinapita 45 na gari za V8 za Kimarekani zipo, vijana wanazipenda. Sisi tatizo hili tunalijua, na jawabu letu si stata wala taimingi: ni pampu. Pampu ya zamani imefungwa kwenye injini, inavuta petroli kutoka tangini nyuma. Petroli inapovutwa ndani ya bomba la moto inageuka mvuke, na pampu haijui kuvuta mvuke. Weka pampu ya umeme nyuma karibu na tangi, isukume badala ya kuvuta. Tena Pontiac zilizotoka na eyakondishini zilikuwa na bomba la pili la kurudishia mvuke tangini. Tazama pampu yako au kichujio, kama kuna mdomo wa tatu umezibwa na boliti, basi aliyekutangulia kaziba njia ya kupumulia.

#33 Fundi wa Kisauni
Pampu ya umeme bila swichi ya kuikata ni kiberiti. Gari likipinduka injini inazima, pampu inaendelea kumwaga petroli. Lazima iunganishwe na swichi ya shinikizo la oili au ile ya kukata ikipata kishindo.

#34 Ami wa Ruwi
Hilo kweli kabisa, Fundi. Asante kwa kulisema.

#35 Binti Petroli
Ami, mvuke kwenye bomba unaizima gari ikiwa inatembea au inapanda mlima. Yake haizimi njiani, inagoma baada ya kusimama. Hilo ni bakuli la kabureta, siyo bomba. Aweke kipande cha kukinga joto chini ya kabureta, na siku akifungua manifodi aweke gasketi zinazoziba ile njia ya moshi. Texas haihitaji kupasha kabureta.

#36 Ami wa Ruwi
Bakuli likichemka likakauka, nani analijaza tena? Pampu. Na pampu ina mvuke. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, bibiye.

#37 Pesa za Jasho
Na risasi je? Gari ya 1967 si inataka petroli yenye risasi? Labda valvu zimekwisha.

#38 Binti Petroli
Marekani risasi ilipigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani Januari 1, 1996, baada ya kupunguzwa tangu miaka ya sabini. Kusini mwa Sahara tuliacha kufikia Januari 2006. Algeria ndiyo iliyofunga dimba, Julai 2021. Kuhusu valvu: risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu za eksozi, na wanaokimbiza gari kwa mizigo au mwendo mkali ndio wanaokula viti. Mtu wa Jumamosi mpaka kituo cha mafuta hawezi kuvimaliza upesi. Na valvu zikiisha gari litasumbua hata asubuhi. Lake asubuhi linaimba.

#39 Mnyamwezi wa Dallas
Nimerudi na matokeo. Leo nilikwenda Fort Worth, nikasimama, ikagoma kama kawaida. Nikafanya ya #9: nikachomoa waya wa koili, nikaubana kwenye bloku, kijana wangu akapiga stata. Ikazunguka kwa kasi! Nikasema taimingi. Nikarudisha waya, ikawaka papo hapo. Sasa sijui iliwaka kwa sababu muda ulikuwa umepita ama vipi. Nikaizima, nikasubiri kidogo, nikarudia. Mara hii ilisinzia hata bila cheche.

Nikapima waya kama alivyosema #10. Upande wa athi volti 0.4. Upande wa chanya 0.9.

Taa ya taimingi inaonyesha digrii 14 ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), bomba la vakyumu limechomolewa na kuzibwa. Kitabu kinasema 6.

#40 Mhandisi Kimya
14! Nilisema.

#41 Jirani wa Minneapolis
0.9! Nilisema.

#42 Fundi wa Kisauni
Ilisinzia bila cheche. Nani alisema?

#43 Kambi Popote
Madaktari watatu, mgonjwa mmoja, na kila daktari ana cheti.

#44 Mzee Platina
Nimesoma kuanzia mwanzo. Hakuna aliyeuliza kuhusu waya mwembamba wa njano kwenye solenoidi. GM hizo zenye pointi (swichi ndogo ndani ya distributa), koili inayozalisha cheche haipewi volti 12 wakati wote. Kuna waya wa ukinzani unaipunguzia ili pointi zisiungue. Ila unapopiga stata, betri inashuka, kwa hiyo solenoidi ina nguzo ndogo ya pili, imeandikwa R, inayoipa koili umeme kamili kwa sekunde zile. Mtu akibadilisha stata kuweka hizi ndogo za kisasa, nyingi hazina R. Waya unaachwa unaning'inia. Injini ikiwa baridi na betri ina nguvu, cheche inatosha. Ikiwa ya moto, stata inakula umeme mwingi, koili inabaki na makombo, cheche inakuwa ya njano. Inazunguka, haishiki. Angalia.

Na kondensa ndani ya distributa ikipata joto huwa inakufa kisha inafufuka. Ni kitu cha bei ya soda mbili, badilisha tu.

#45 Mnyamwezi wa Dallas
Mzee Platina, shikamoo. Nimeingia chini ya gari sasa hivi. Stata ni ndogo, ya kisasa. Kuna waya umefungwa kwa utepe mweusi, ncha haiendi popote.

#46 Mzee Platina
Marahaba. Ndiyo huo.

#47 Binti Petroli
Inaeleza kwa nini haishiki. Haielezi kwa nini inasinzia.

#48 Pesa za Jasho
Mimi ningetoa injini nzima nikaweka LS, V8 ya kisasa ya GM yenye injeksheni. Inawaka jua na mvua, mafuta nusu, mke anafurahi.

#49 Dereva wa Zamani
Mtu huyu aondolewe jukwaani.

#50 Mnyamwezi wa Dallas
#48 nakuelewa, gari hii hainipi zaidi ya kilomita 5 kwa lita. Lakini ukiitoa Pontiac 400 umebaki na bodi. Ukikanyaga, midomo miwili mikubwa ya nyuma ya Quadrajet inafunguka, unasikia hewa inavutwa kama mtu ameshtuka, halafu pua inainuka. Kwa hiyo sauti nipo tayari kulala kituoni.

#51 Jirani wa Minneapolis
Na breki? Maana huko kusimama ndiko kwenye maajabu.

#52 Mnyamwezi wa Dallas
Ngoma pande zote nne. Mara ya kwanza unasimama vizuri. Ukirudia upesi ikiwa na joto, pedali ngumu na gari linaendelea na safari zake. Kinachonifariji ni kwamba 1967 ndiyo mwaka walioanza kugawa breki njia mbili; gari za kabla ya hapo bomba moja likipasuka huna kitu. Nimeshaagiza diski za mbele. Friza, mke wangu, lipo kwa jirani.

#53 Shemeji Yenu
Sawa. Nyama nazo?

#54 Kambi Popote
Sasa uamuzi ni upi? Nimekaa tangu #2, miguu imekufa ganzi.

#55 Mnyamwezi wa Dallas
Jumamosi narudisha taimingi, nabadilisha waya zote za betri, naunga ule waya wa R kwa relei, naweka kinga ya joto kwenye stata na kipande chini ya kabureta.

#56 Mhandisi Kimya
Usifanye yote siku moja. Ikiwaka hutajua ni kipi kilichokuwa kinakusumbua. Anza na taimingi peke yake, tembea nayo wiki.

#57 Jirani wa Minneapolis
Akifanya yote itawaka. Hiyo si ndiyo shida aliyoleta? Sayansi afanye majira ya baridi.

#58 Fundi wa Kisauni
Kinga ya joto bila kuondoa hedaz ni kupaka poda. Mwenye gari wa kwanza manifodi za zamani alizitupa?

#59 Mnyamwezi wa Dallas
Zimo kwenye buti. Nzito balaa.

#60 Binti Petroli
Kabla hujagusa spana yoyote, jaza tangi moja la petroli isiyo na ethanoli, ila hakikisha oktani yake inafaa mgandamizo wako. Nyingi ya hizo ni ya oktani 90, wewe unahitaji 93. Ukikuta ya 90 tu, changanya nusu kwa nusu na ya 93 halafu sikiliza kama injini inagonga ukipanda daraja. Rudi utuambie.